Dhahabu Haipandi Treni

Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamebanwa na vita ndani ya koloni lao, na fedha kutoka Ulaya haziingii tena. Mafundi wa reli wa Tabora wakapewa kazi ambayo hakuna fundi wa treni aliyewahi kuifanya katika nchi hii: kupiga sarafu za dhahabu. Dhahabu yenyewe ilichimbwa Sekenke, Iramba. Zikatoka sarafu zipatazo 16,000, kila moja ya thamani ya rupia 15, zenye sura ya tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake. Septemba ya mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora na kazi ikaishia hapo. Leo wakusanyaji wa sarafu za kale huzigombania minadani kwa bei ambayo mchimbaji wa Sekenke asingeweza kuiota.

Naianza sura hii na sarafu hizo kwa sababu, kwa kadiri ya historia ya ukanda huu wa Tabora, Shinyanga na Mwanza, hapo ndipo dhahabu na reli zilipokaa kwa karibu kabisa. Baada ya hapo zimeishi kama majirani wasiosalimiana. Geita imechimbwa tangu miaka ya 1930 na haijawahi kuwa na stesheni. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ilifunguliwa wilayani Kahama, iliko pia stesheni ya Isaka, na stesheni hiyo haikukua kwa ajili yake. Mwadui ilitoa almasi zilizovaliwa na malkia, na vistesheni vya Songwa na Seke, vilivyo katika wilaya hiyohiyo ya Kishapu, vikabaki vile vile: jengo dogo, kibao cha jina, mwembe au mkwaju wa kivuli.

Wenyeji wengi wa Shinyanga hulisema jambo hili kwa uchungu, na wana haki. Tunakaa juu ya dhahabu na almasi, wanasema, mbona treni inatukimbia? Nimelisikia swali hilo mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba linastahili jibu la kweli, na jibu lenyewe linaanzia kwenye mizani.

Mgodi wa Geita, ambao ndio mkubwa kuliko yote ya dhahabu nchini, kwa miaka ya karibuni umekuwa ukitoa takriban wakia nusu milioni kwa mwaka. Wakia moja ya dhahabu ni gramu 31 na kidogo. Zidisha, utapata tani kama 15 na nusu. Behewa moja la mizigo kwenye reli yetu ya zamani, ile ya upana wa mita moja, hubeba tani zipatazo 40. Maana yake dhahabu yote ya Geita, jasho la mwaka mzima, mashimo yote yale, milipuko na malori ya ukubwa wa nyumba, haijazi hata nusu ya behewa moja. Ndege ndogo huiondoa kidogo kidogo, na mwananchi aliye barabarani haioni ikipita.

Sasa ipime pamba. Msimu wa 2005/06, ambao wakulima bado wanausimulia, Tanzania ilivuna zaidi ya tani 370,000 za pamba mbegu, na sehemu kubwa mno ya pamba hiyo ilitoka huku magharibi: Shinyanga ya wakati ule pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu, Mwanza, na wilaya za jirani. Ukiichambua, nyuzi huwa karibu theluthi. Hata ukiacha mbegu zote zibaki kwenye vinu vya mafuta, bado una mabehewa 3,000 ya kusogeza hadi bandarini, kwa mkulima ambaye thamani ya mavuno yake yote kwa mwaka haifikii thamani ya kipande cha dhahabu kinachotosha kiganjani. Treni haijui thamani ya kitu. Inajua uzito wake na umbali wake.

Ukilishika hilo, historia ya stesheni zote ndogo za ukanda huu inasomeka vizuri.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kuchimba tuta jingine kutoka Tabora kuelekea kaskazini-magharibi, nia yao ikiwa kufika Rwanda na bonde la Kagera, kulikokuwa na watu wengi na ng'ombe wengi. Vita vikaisimamisha kazi. Waingereza walipokabidhiwa nchi hawakuifuata njia ya Rwanda, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa Ubelgiji. Waliitazama Mwanza. Huko kulikuwa na tatizo lililowaudhi maofisa wa Dar es Salaam: mazao ya Usukuma yalikuwa yakipakiwa kwenye meli, yakavuka Ziwa Victoria hadi Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika tangu 1901, na ushuru wote wa uchukuzi ukaishia Kenya. Katikati ya miaka ya 1920 ujenzi ukaanza kutoka Tabora kupitia Bukene, Isaka na Shinyanga. Agosti 1928 treni ikafika Mwanza, kilomita karibu 380 kutoka Tabora.

Kwa hiyo stesheni ya Shinyanga ilijengwa kwa ajili ya pamba, karanga, ngozi, mpunga na ng'ombe, na kwa ajili ya kuishinda Kisumu. Madini hayakuwamo kwenye hesabu hiyo. Williamson, mgunduzi wa almasi za Mwadui, alikuwa hajafika nchini.

Ipo sababu nyingine iliyozaa stesheni nyingi ndogo, na hii haina uhusiano na mji wala zao lolote. Njia ilikuwa moja. Treni inayopanda na inayoshuka haziwezi kupishana ila mahali penye njia ya pembeni, na kila mahali pa namna hiyo palihitaji mtu wa kuzipangia zamu. Stesheni masta wa Luhumbo, kati ya Isaka na Shinyanga, alizungumza kwa simu ya waya na mwenzake wa stesheni inayofuata, wakakubaliana kwamba kipande cha katikati ni kitupu, ndipo dereva akapewa kibali cha kuingia. Bila kibali hicho, treni haitembei hata kama dereva anaiona njia nyeupe hadi upeo wa macho. Maisha ya mamia ya abiria yalikuwa mikononi mwa watu wawili wanaokaa porini, umbali wa kilomita nyingi kati yao, na saa mbili za ukutani zinazopaswa kusema kitu kimoja.

Halafu maji. Kichwa cha treni cha mvuke kinakunywa kuliko ng'ombe, na Shinyanga ni nchi kavu. Kila baada ya mwendo fulani palitakiwa kuwa na tangi na chanzo kinachoaminika, na watu wa kukitunza. Tena wale wa gengi, waliotembea kwa miguu sehemu yao ya njia kukagua mataruma na kukaza misumari, nao walihitaji nyumba. Ndivyo mahali pasipo na kitu palivyopata nyumba sita saba za bati, familia kutoka Kigoma, Dodoma na Tabora, watoto wanaosema Kiswahili kabla ya Kisukuma, duka la Mhindi, kisha mnunuzi wa pamba, kisha mnada.

Abiria waliongeza uhai wake. Dirishani ziliinuliwa karanga, mayai ya kuchemsha, michembe na matobolwa ya viazi vitamu, kuku waliofungwa miguu. Kutoka upande wa Mwanza alishuka samaki mkavu, kutoka Tabora ikapanda asali. Kwa kijiji cha Wasukuma kilichokuwa hakina soko ila la mnada wa mara moja kwa juma, treni ilikuwa soko linalokuja lenyewe, linasimama dakika kumi, linalipa taslimu na kuondoka. Wanawake ndio walioliendesha. Fedha iliyopatikana hapo haikuwa ya pamba, ambayo ni ya mume na ya msimu. Ilikuwa yao. Sijaona mwanahistoria aliyeiandika habari hiyo kwa uzito unaostahili, na wale walioijua kwa mikono yao wanazidi kupungua.

Pamba ndiyo iliyoinua uzito. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo chake kilipanuka Usukumani kwa kasi, na pamoja nacho manung'uniko juu ya mizani ya wanunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walifanya jambo la maana sana: wakawaajiri wapimaji wao wenyewe, watu wa kusimama kando ya mizani ya mnunuzi na kuhakiki. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana chini ya Paul Bomani kuwa Shirikisho la Victoria, ambalo hadi kufikia uhuru lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Shirikisho likanunua pamba, likamiliki viwanda vya kuchambua, na likajaza mabehewa. Bomani akawa waziri wa fedha wa nchi huru. Mtu akikuambia kwamba pamba ilisaidia kuleta uhuru Kanda ya Ziwa, hajatia chumvi.

Wafanyakazi wa reli nao walikuwa na yao. Chama chao, TRAU, chini ya katibu wake Christopher Kasanga Tumbo, kiliitisha mgomo mwaka 1960 uliodumu siku 82, mmoja wa migomo mirefu kabisa katika historia ya nchi. Kwa mji kama Shinyanga, siku 82 bila treni ya kawaida zilionyesha jinsi kila kitu, kuanzia mafuta ya taa hadi barua, kilivyopita kwenye mlango mmoja. Na miaka 18 baadaye, Idi Amin alipoivamia Kagera, reli hiihii ndiyo iliyobeba askari na silaha kuelekea ziwani.

Mwadui inafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa iko ndani kabisa ya eneo la stesheni zetu. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aliligundua bomba la almasi mwaka 1940. Lina eneo la hekta 146, moja ya mabomba makubwa kabisa ya almasi duniani. Ndani yake mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa harusi yake. Baada ya kukatwa ikabaki karati 23 na ushei, nayo ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Mwadui ikawa mji: hospitali, shule, umeme, uwanja wa ndege. Karati tano ni gramu moja, kwa hiyo jiwe lote lile, kabla ya kukatwa, halikufika gramu 11. Kilichosafirishwa kutoka Mwadui kwenda Ulaya kingeweza kubebwa mkobani na mtu mmoja. Kilichokwenda Mwadui ndicho kilichokuwa kizito, mitambo, chuma na mafuta, na huo ni mzigo wa upande mmoja, behewa linalokuja limejaa na kurudi tupu. Reli inaumia kwa mzigo wa namna hiyo.

Geita ya zamani ilikuwa hivyo pia. Wajerumani walikuwa wametambua dalili za dhahabu kusini mwa ziwa tangu miaka ya 1890. Uchimbaji mkubwa ukaanza katika miaka ya 1930 na kuendelea hadi 1966, mgodi ulipofungwa. Kwa miaka yote hiyo ulilitegemea ziwa na barabara. Ulipofunguliwa tena mwaka 2000, kwa mashimo ya wazi na teknolojia mpya, uliendeshwa kwa miaka mingi kwa jenereta za dizeli, na dizeli hiyo, hata ilipoanza safari kwa njia nyingine, ilimalizia kwa lori. Hakuna aliyefikiria kuutandikia reli.

*

Je, ipo sehemu ambako reli iliyofuata matumaini ya mbali ilijengwa kweli? Ipo, na haiko mbali. Ukitoka Shinyanga kuelekea mashariki na kuvuka mbuga za Wembere unaingia Iramba na Mkalama, mkoani Singida. Huko kuna mji mdogo wa Kinyangiri, uliowahi kuwa mwisho wa reli.

Reli ya Manyoni hadi Kinyangiri, urefu wa kilomita zipatazo 150, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ilikusudiwa kufungua nyanda za Singida: nafaka, karanga, ngozi, samli, ng'ombe, na nchi ya dhahabu ya Sekenke iliyokuwa jirani. Ilizaliwa katika wakati mbaya kuliko yote. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeshusha bei za mazao, na malori yalikuwa yameanza kuingia vijijini, yakimfuata mkulima hadi uwanjani kwake. Serikali ya kikoloni ilijaribu hata kuyazuia malori kwa sheria yasishindane na treni zake. Haikusaidia Kinyangiri. Mzigo haukupatikana, na kabla ya miaka ya 1940 kwisha reli ziling'olewa na chuma chake kikachukuliwa kwa matumizi ya kwingine.

Mtu mmoja aliyeyaelewa mambo haya kuliko wengi wa wakati wake alikuwa Clement Gillman, mhandisi aliyekuja nchini mwaka 1905 kujenga Reli ya Kati kwa ajili ya kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann, akabaki, na chini ya Waingereza akawa mhandisi mkuu wa reli. Alitembea nchi hii kwa miguu. Ramani yake ya wakazi, iliyochapishwa katika miaka ya 1930, ilionyesha jambo ambalo wapangaji wa Dar es Salaam hawakupenda kuliona: watu wamekaa penye maji, katika vipande vilivyotengana kwa mapori makubwa. Mwaka 1942 aliandika historia fupi ya reli za Tanganyika. Mhandisi aliyejenga reli maisha yake yote alikuwa pia mwenye shaka kubwa juu ya reli zinazojengwa kwa tamaa peke yake, na kwangu hiyo ni sifa.

Singida ilipata reli tena. Njia mpya kutoka Manyoni, kilomita 115, ilikamilika katika miaka ya 1990. Haikuendelea hadi Kinyangiri. Watoto waliozaliwa pale katika miaka ya 1940 walikua, wakazeeka, na treni haikurudi.

Sasa ilinganishe reli ile ya Kinyangiri na ya Mpanda, magharibi ya nchi. Uzito wa madini ya Mpanda ulikuwa wa kweli. Kampuni ya Uruwira ilichimba risasi pale Mukwamba, pamoja na fedha na dhahabu kidogo, na risasi ni nzito kama jina lake linavyoogopwa. Serikali ikatandika reli kutoka Kaliua, kilomita 210 ndani ya pori la mbung'o, ikakamilika kuelekea mwaka 1950. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, baada ya miaka kumi tu. Kwa hesabu za kawaida, reli ile ilitakiwa kufa. Haikufa. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba, kandokando ya njia, wakalima. Mahindi, mpunga na watu vikajaza pengo la risasi. Kwa muda mrefu, masika yakianza, hapakuwa na njia nyingine ya kuifikia Mpanda. Jembe ndilo lililoiokoa stesheni iliyojengwa na machimbo.

*

Stesheni za Shinyanga hazikung'olewa kama za Kinyangiri. Zilipunguziwa uzito taratibu, na kwa hiyo hakuna tarehe ya kifo ya kuandika.

Dizeli ilikuja kwanza. Kichwa cha dizeli hakihitaji tangi la maji, na watunzaji wa matangi wakahamishwa. Baadaye mawasiliano ya redio yakaruhusu treni kupangwa kutoka mbali, na stesheni ya kupishana ikageuka njia ya pembeni isiyo na mtu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli likagawanywa na Tanzania ikaanzisha lake. Mwaka uliotangulia vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa na serikali na pamba kukabidhiwa mamlaka ya zao. Vikarudishwa katika miaka ya 1980, na Shinyanga ikapata chama chake kikuu cha ushirika, SHIRECU. Lakini mkulima aliyecheleweshewa malipo misimu kadhaa alikuwa ameshajifunza kutoamini. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katikati ya miaka ya 1990, kila mnunuzi alikuja na malori yake. Robota lililokuwa likisubiri behewa kwa wiki sasa liliondoka usiku uleule.

Kijana wa leo huenda asiamini jambo hili, lakini kwa miaka mingi basi la Mwanza kwenda Dar es Salaam lilipitia Nairobi. Abiria wa Kitanzania anayekwenda makao makuu ya biashara ya nchi yake alivuka mpaka Sirari, akalala safarini Kenya, akaingia tena nchini kwa Namanga, hati ya safari mkononi. Barabara ya ndani kupitia Nzega na Singida ilikuwa udongo unaokatika mvua ikinyesha. Treni ilikuwa ndiyo njia ya nyumbani. Lami ilipounganika katika miaka ya 2000, abiria walihama kwa mkupuo, na siwezi kuwalaumu. Basi lilifika siku ileile.

Katika wakati huohuo shirika la reli lenyewe lilikuwa likiugua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 reli hiyo ilikuwa ikisafirisha takriban tani milioni 1.4 za mizigo kwa mwaka. Oktoba 2007 ikakabidhiwa kwa kampuni ya RITES ya India kwa mkataba wa miaka 25, uliovunjika kabla ya miaka minne kutimia. Desemba 2009 mafuriko yakabomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe. Ndani ya miaka michache iliyofuata mzigo ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 300,000. Stesheni ndogo, ambayo ilikuwa ikiajiri stesheni masta, karani, mshika ishara na gengi, ikabaki na mlinzi, au ikabaki na kufuli.

Ilipofika zamu ya kufufua, uzito ukaamua tena. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 300 kukarabati njia ya zamani: kilomita 970, kutoka Dar es Salaam hadi Isaka. Kazi iliishia Isaka. Isaka kuna bandari kavu, ambako mizigo ya Rwanda na Burundi hushushwa kutoka kwenye treni na kupakiwa kwenye malori. Luhumbo, Usule, Shinyanga, Songwa, Seke na Malampaka ziko kaskazini ya hapo. Mstari wa hesabu ulichorwa kilomita chache kabla ya kuzifikia, na wenyeji waliona vizuri ulipochorwa.

Hapa nina ombi ambalo nalisema kwa moyo wote. Kila stesheni iliyofungwa ilikuwa na madaftari: saa ya kila treni iliyopita, idadi ya marobota, ng'ombe waliopakiwa kwenda Pugu, tiketi za daraja la tatu zilizokatwa na zilikokwenda. Hakuna rekodi nyingine inayoonyesha uchumi wa kijiji cha Usukuma siku kwa siku kwa miongo mingi mfululizo. Nairobi ina makumbusho ya reli tangu 1971. Kwetu madaftari ya namna hiyo huliwa na mchwa au hufungia maandazi. Yaliyobaki yakusanywe sasa, yapelekwe Chuo cha Reli Tabora au Nyaraka za Taifa, na wazee wa reli wanaokaa bado katika nyumba za kambi waulizwe habari zao wangali hai. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa benki yoyote.

Reli mpya inakuja. Mkataba wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulisainiwa Januari 2021 na kampuni mbili za Kichina: kilomita 341, ambapo 249 ni njia kuu na 92 ni njia za kupishana, kwa zaidi ya shilingi trilioni tatu. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Juni mwaka huo. Tofauti na reli ya Waingereza, hii ni ya treni za mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na treni ya namna hiyo haisimami kila penye mwembe. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kilomita 205, kuna stesheni sita tu. Watu wa Shinyanga mjini watafaidi, na ninawafurahia. Watu wa vistesheni vya katikati wajue kwamba treni mpya itawapita, na kwamba halmashauri zao ndizo zenye wajibu wa kudai barabara nzuri ya kuwafikisha kwenye stesheni iliyo karibu, tena mapema, kabla ramani hazijafungwa.

Lakini reli hii pia haitaendeshwa na abiria peke yao, na kwa hiyo swali la zamani linarudi: uzito utatoka wapi? Pamba ya leo ni ya kupanda na kushuka. Ng'ombe wapo. Mchele wa Shinyanga na Kahama upo, na unauzika. Ipo mizigo ya Uganda, inayoweza kuvuka ziwa kutoka bandari ya Mwanza Kusini. Migodi yenyewe, ambayo dhahabu yake haina uzito, inakula dizeli, saruji, chokaa na chuma kila siku. Daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025, limeisogeza Geita karibu na stesheni za Mwanza kuliko wakati wowote. Na mara moja tulionyeshwa kwamba hata dhahabu huweza kuwa na uzito ikiwa bado imo ndani ya mchanga wake: yale makontena 277 ya makinikia kutoka Bulyanhulu na Buzwagi yaliyozuiliwa bandarini Dar es Salaam mwaka 2017. Huo ulikuwa mzigo wa kutosha kujaza treni kadhaa.

Mzigo mzito kuliko huo ni nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Mpango uliotiwa saini Januari 2021 ulikuwa kuichimba huko na kuisafishia Kahama, palepale Buzwagi ambako dhahabu imekwisha, mwendo mfupi kutoka Isaka. Kutoka Ngara hadi Kahama hakuna reli. Ile iliyofikiriwa na Wajerumani mwaka 1914, ya kuelekea Rwanda, imekuwa ikijadiliwa upya kama njia ya Isaka, Rusumo na Kigali katika mikutano ya serikali baada ya serikali. Mzigo wa Rwanda unaoshushwa Isaka bado unamalizia safari yake kwa lori, kupitia Kahama hadi mpakani Rusumo.